Buu Lisilo na Macho

Juzi mjukuu wangu kaniletea sega la asali. Harufu ya nta iliponifikia tu nikalirudisha. Humo mna majana, nikamwambia, yale mabuu meupe ya nyuki. Mimi siyali.

Zamani niliyala sana. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, alikuja bwana nyuki mwenye kamera ya kioo kirefu. Mimi ndiye niliyemshikia sega, mkono umetulia, akapiga picha ya buu moja kwa karibu kabisa. Aliporudi safari ya pili akanipa ile picha iwe yangu. Nikaikimbiza kwa mama, mjamzito wa miezi minane, anapepeta mtama.

“Mayu, tazama!”

Buu limejaa karatasi nzima, limejikunja kama mtoto tumboni, jeupe, linang’aa, wala halina macho. Mama akaidondosha kwenye ungo, akashika tumbo. Bibi, mama yake baba, akanizaba kofi.

“Mjamzito unamwonyesha dude kama hili? Na mtoto akifanana nalo?”

Picha ikatiwa motoni. Mama hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Tangu siku ile alikuwa akijipapasa tumbo.

Siku ya kujifungua nilijibanza nyuma ya mlango. Mtoto akalia. Mama hakuuliza kama ni wa kike au wa kiume.

“Ana macho?”

Mkunga anamfuta kwanza.

“Anayo, mama. Hebu ona anavyokukodolea.”

Nikaketi palepale chini, nikalia kumshinda mtoto.