Matini Bila Sharhi

Fundi Zoubeida alikuwa amechoka kabla sisi hatujazaliwa. Ndivyo tulivyokuwa tukitaniana, sisi wanawake kumi tuliokaa mkekani sebuleni kwake, Badjanani, mjini Moroni, kila baada ya swala ya alasiri. Kwetu Komoro fundi ni mwalimu wa dini, na huyu alikuwa mjane mwenye miguu iliyovimba na hasira za karibu. Ukikosea herufi moja, umekwisha.

Alisomea utotoni Mutsamudu, kisiwani Nzwani, kwa mjomba wake, kwa mtindo wa zamani. Kwanza unahifadhi matini, yaani maneno matupu ya Hadithi za Mtume. Sharhi, maelezo ya nani aliambiwa nini na kwa nini, huja miaka ya mwishoni. Wavulana waliifikia. Wasichana waliozwa kabla. Zoubeida alirudishwa Moroni akaolewa katika nyumba ya mama yake, maana kwetu nyumba ni ya mwanamke na mume ndiye anayehamia. Mume alikuja na sanduku la vitabu. Alipokufa, sanduku likabaki limefungwa. Kwa miaka ishirini Fundi alitufundisha alichokuwa nacho: matini.

Mwaka 1999, wiki moja baada ya Idi ya kuchinja, mwenzetu Anziza alikuja na barua. Yeye ni wa Mutsamudu, mjane, hana mtoto. Mama yake alikuwa mahututi na boti ilikuwepo Alhamisi.

"Fundi, naweza kwenda peke yangu?"

"Mwanamke hasafiri bila maharimu. Hadithi hiyo umeihifadhi mwenyewe mbele yangu."

"Maharimu wangu, mwanamume wa damu wa kunisindikiza, ni kaka tu, naye yuko Marseille."

"Basi msubiri kaka."

Anziza alisubiri. Mimi nilikuwepo na sikusema kitu. Nilikuwa mwoga, tena mwanafunzi mvivu.

Lakini tangu siku ile Fundi hakutulia. Alifungua sanduku la marehemu akaanza kusoma sharhi, ukurasa mmoja kwa siku, kidole juu ya mstari, akigombana na Kiarabu kigumu kama anavyogombana na sisi.

Mwisho wa mwezi, wajumbe wa Nzwani, kisiwa kilichokuwa kimejitenga, walikataa kutia saini mkataba wa kurudi katika umoja wa Komoro, kule Antananarivo, Madagaska. Vijana wa Moroni wakafunga barabara kwa mawe na matairi, wakawa wanauliza kila mtu kwao wapi. Wanzwani, majirani zetu wa miaka mingi, walitolewa majumbani mwao. Niliona aibu, na bado naona.

Anziza alifika darasani kwa vichochoro vya nyuma, na begi moja. Wenye mji walikuwa wakiwapakia Wanzwani melini. Fundi alimtazama, akafungua kitabu.

"Maneno yale waliambiwa watu ambao njia zao zilikuwa jangwa na wanyang'anyi," alisema. "Mwanamke akikamatwa, anauzwa. Maharimu alikuwa ngao yake. Na humu humu imeandikwa kwamba Mtume alibashiri siku ambayo mwanamke atavuka jangwa lile peke yake asimwogope yeyote ila Mungu."

Batoul, ambaye hapitwi na kitu, akadakia: "Lakini Fundi, njia ya leo si salama."

"Na nyumba je? Katazo lilikuja kumlinda. Leo hatari iko mlangoni kwake, halafu nimwambie akae?" Akamgeukia Anziza. "Nenda, mwanangu."

Tulimsindikiza hadi bandarini, tumemweka katikati yetu. Njiani hakuna aliyetuuliza kitu. Fundi alikuja pia, na miguu ile.

Siku ya nne Anziza alipiga simu kwenye duka la jirani, Fundi akaenda kupokea. Alirudi, akakaa, akachelewa kufungua kitabu.

"Amefika salama," alisema. "Mama yake amezikwa. Siku tisa kabla hajafika. Alikuwa akimuulizia kila boti ilipotia nanga."

Batoul akajaribu: "Ndivyo Mungu alivyoandika, Fundi."

"Usimsingizie Mungu," alisema Fundi Zoubeida, bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. "Boti ya Alhamisi ilikuwepo. Niliyesema hapana ni mimi."