Upande wa Kushoto wa Baba Mdogo

Baba mdogo hakuwahi kuendesha gari akiwa amevaa kiatu mguu wa kulia. Alikivua, akakifuta vumbi kwa kiganja, akakisukuma chini ya kiti, ndipo akawasha. Alifanya hivyo miaka thelathini na mmoja akiwa dereva wa ofisi ya wapima ardhi, wakubwa wake wakimcheka, na hakuacha hata alipostaafu akanunua gari lake mwenyewe, dogo, jeupe, lenye viti vilivyochanika. "Gari linaongea na unyayo," alisema. "Ukivaa kiatu unalifunga mdomo."

Alikuwa mdogo wake baba yangu, mfupi, mwenye mikono mikubwa kama ya kuazima. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka wapimaji kule ambako lami haijafika. Wao wakihangaika na vyombo vyao vya miguu mitatu, yeye alizurura na gari akijifunza njia. Wenzake walipostaafu walilala. Yeye alianza kuzitembelea barabara zake kama mtu anayetembelea ndugu. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana alichagua moja. Hakuwa anakwenda popote. Alikuwa anaendesha tu, kisha anarudi.

Alizipa majina. Kulikuwa na Mchumba, yenye kona kumi na saba, "kwa sababu haikwambii inawaza nini." Kulikuwa na Pumzi Ndefu, iliyopita ukingoni mwa bonde, mikaratusi upande mmoja na anga upande mwingine. Zote zilikuwa kwenye daftari lake, zimeandikwa kwa hesabu, mtindo aliourithi kwa wapimaji: baada ya kalavati la pili, hesabu tano, shika kushoto, kulia kuna mawe.

Mama mdogo, mkewe, hakuwa anapanda gari hilo Jumamosi.

"Mtu mzima na akili zake," aliniambia mbele yake, "anachoma mafuta kwenda kutazama nyasi! Nyasi ziko nyuma ya choo, azitazame bure."

"Hizo hazina kona," baba mdogo alijibu.

"Nitakuchimbia."

Mimi nilianza kufuatana naye mwaka ule mume wangu alipoondoka. Hakuniuliza habari zake. Alisimamisha gari mbele ya nyumba yangu, akapiga honi, akanifungulia mlango wa kushoto. "Panda, mwalimu. Leo husahihishi mtihani wa mtu." Nafundisha chuoni, na wakati ule nilikuwa nikitoka darasani narudi kitandani, basi. Zile Jumamosi zilinishikilia. Nasema hivi ili ieleweke kwa nini nilifanya nilichofanya baadaye, si ili nisamehewe.

Mwaka wa tatu alianza kuniuliza maswali. "Kushoto kuna nini?" Nikidhani ni mchezo, nilimjibu: mbuzi wawili, mtu na baiskeli. "Baiskeli ya rangi gani?" Tulicheka sana. Mpaka siku moja nilipokuwa nimezama katika mawazo yangu, nikanyamaza, na gari likakumba kapu la mwanamke aliyesimama pembeni ya njia. Nyanya zilitapakaa. Baba mdogo hakugeuza hata shingo. Aliendelea kuendesha huku akipiga mluzi, hadi nilipompigia kelele asimame.

Alishuka, akaomba radhi, akainama kumwokotea mama yule nyanya zake. Nilimtazama akipapasa. Iliyokuwa mbele ya pua yake aliiokota. Iliyokuwa kando ya goti lake hakuiona.

Tuliporudi garini hakuwasha mara moja.

"Presha ya macho," alisema. "Inakula kutoka pembeni. Imeanzia kushoto. Daktari amenikataza usukani."

"Lini?"

"Mwaka jana."

"Mama mdogo anajua?"

"Akijua, ufunguo unaingia kwenye sidiria yake, na huko hakuna anayekwenda kuuchukua."

Nilicheka. Nimekumbuka mara nyingi kwamba nilicheka.

"Wewe ndiye kushoto kwangu," alisema. "Ukikaa hapo hatuna neno."

Nikakaa hapo miezi saba. Nilijiambia kwamba njia zile hazina watu, kwamba anazijua kama mswaki wake. Ukweli ni kwamba sikutaka Jumamosi zangu zife. Kisha akaanza kuniuliza kulia kuna nini.

Ijumaa moja nilimpigia simu nikamwambia kesho siwezi, nina mitihani ya kusahihisha. Sikuwa nayo. Nilifikiri bila mimi hataweza kutoka, na kwamba nikikosa Jumamosi mbili tatu mambo yatajimaliza yenyewe, bila mtu kumwambia mwenzake neno gumu. Namba ya mama mdogo ilikuwa chini ya namba yake kwenye simu yangu. Sikuigusa.

Jumamosi alimchukua mama mdogo.

Jirani yao alinisimulia jinsi alivyotoka amevaa gauni lake la maua, akajichekesha mlangoni: "Jamani, leo nimetekwa nyara! Nisiporudi mjue nimekula nyasi." Baba mdogo alimchagulia Pumzi Ndefu kwa kuwa ndiyo iliyokuwa laini kuliko zote.

Siku tatu kabla, mafundi wa mabomba ya maji walikuwa wamechimba mtaro ubavuni mwa barabara ile, upande wa kushoto. Walisimika vijiti viwili vyenye kitambaa chekundu. Baba mdogo alivuka kalavati la pili, akahesabu tano, akashika kushoto.

Mama mdogo alikuwa amekaa nilipozoea kukaa mimi, na macho yake yalikuwa mazima. Lakini alikuwa anatazama kulia, bondeni, kwa sababu mumewe alimwambia atazame. Baba mdogo hakumuuliza kushoto kuna nini. Kumuuliza kungekuwa kumwambia.

Gari lilianguka kwa upande wa mama mdogo. Alifariki kabla ya kufikishwa hospitali. Baba mdogo alivunjika mtulinga wa bega.

Msibani wote waliwalaani mafundi wa mtaro. Kila aliyeingia alileta laana yake mpya, na sisi wawili tuliitikia. Siku ya nne, watu walipopungua, aliniita uani.

"Ile mitihani," alisema, "ilikuwepo kweli?"

"Haikuwepo, baba mdogo."

"Ungesema tu, mwanangu."

"Na wewe ungesema."

"Naam," alisema. Hatukulizungumza tena.

Nilimchukua akaishi kwangu, chumba cha nyuma, kitanda kando ya dirisha ambalo halikumsaidia kitu. Ndani ya mwaka mmoja giza lilikutana katikati. Alikula nilichompa, alioga nilipomwambia. Magari yalipopita barabarani aligeuza uso ukutani. Daftari sikuliona tena; sikuuliza alilipeleka wapi.

Mwaka wa pili kifua kilimzidi. Hospitali wakamlaza siku tisa, kisha wakaniambia nimrudishe nyumbani, kwa sauti ile wanayoitumia. Nilimweka kiti cha nyuma, nikamzungushia mito. Foleni ilikuwa imefunga lami yote, hivyo nikakata kupitia njia ya vumbi nyuma ya viwanda, njia ambayo yeye hakuwahi kuiandika wala mimi kuipita. Kokoto zilipoanza kugonga chini ya gari alikaa wima. Nilimwona kwenye kioo akiwa amegeuza kichwa kushoto, mkono umeshika kishikio cha mlango, midomo ikicheza. Nilipunguza mwendo. Aliishi siku mbili baada ya hapo, lakini aliyoyasema pale garini ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho, kwangu na kwa mtu yeyote.

"Simama, mwanangu," alisema. "Mwache kwanza mama yako mdogo ashuke."