Mishono ya Tanga Kubwa

Siku hizi meli zina injini, na watu wake hawajui kungoja. Sisi tulijua. Nilikuwa mpishi katika meli ya matanga, na safari moja tulikaa nangani siku kumi na tisa tukingoja upepo, maji yametulia kama ya beseni. Nikisema nazitamani siku zile, mke wangu hunicheka. Acha acheke, hakuwahi kuwaona wanaume wazima wakinuniana kwa kipande cha sabuni.

Tulifua, tukanyoana, tukacheza karata mpaka picha zikafutika. Wali ukiungua, waliniuliza kama nao ulikuwa unangoja upepo.

Asiyecheka alikuwa fundi wa matanga. Tulimwita Nyoosha, maana ndilo neno alilomwambia kila aliyeshika sindano. Mshono ukipinda kidogo, aliufumua wote. Siku ya tatu mashua ya bandari ilimletea barua ya dada yake: mama hali yake si nzuri, anakuulizia wewe tu. Kwao kulikuwa ng'ambo, huko huko tulikokuwa tukienda, mwendo wa siku mbili kwa upepo mzuri. Aliikunja barua, akaitia ndani ya kofia.

Siku ya kumi na tisa alfajiri alishusha tanga kubwa, akaanza kulifumua.

"Fundi, na upepo ukija je?" nikamuuliza.

"Nimeungoja hadi nimechoka, mpishi. Mikono ikikaa bure namwona mama tu."

Saa tano upepo ukaja. Meli mbili jirani zetu ziling'oa nanga zikatupita, watu wao wakitupungia. Tanga letu lilikuwa vipande vitatu sitahani. Nyoosha aliketi akashika kichwa.

"Nimemfungia mama mlango kwa mikono yangu," alisema.

Nahodha, ambaye hata kifungo chake alishonewa, akavua koti. "Nani hapa anajua kushona?"

Kila mtu akatazama vidole vyake.

"Basi tuko sawa. Leteni sindano."

Tulishona wote, bega kwa bega. Vidole vilinitoka damu, na mshono wangu ulikwenda kama mlevi anayetafuta kwake. Nyoosha alikuwa akipita nyuma yetu na uzi. Mara moja nilimsikia akianza, "Nyoo...", akalimeza. Saa tisa alasiri tulitweka tanga, nalo likashika upepo.

Alimkuta mama yake hai. Walikaa pamoja siku sita, kisha akamzika.

Aliporudi melini nilimpa pole, nikamwambia, "Haya, sasa fumua ule uchafu wetu." Nilisafiri naye miaka saba zaidi. Kila tulipokwama bila upepo alilishusha tanga lile, akafumua mishono yake mwenyewe, iliyonyooka, akaishona upya. Yetu aliipitishia kidole tu, akaiacha ilivyopinda.