Aliyekwenda Anaweza Kurudi?

Rafiki yangu msusi ana mdomo, na siku hizi mdomo wenyewe umehamia mtandaoni. Mdogo wake wa kiume alirubuniwa kwa simu: video za vijana wenye bunduki wanaoitana ndugu, ahadi za mshahara na heshima. Akaenda. Tangu hapo, kimya. Basi dada mtu akisuka huegemeza simu kwenye kioo, anazijibu zile video.

"Wewe kijana, mtu anakuita ndugu na hata mama yako hamjui? Kaa chonjo!"

Vijana wanacheka, wanasambaza. Mimi nasuka kwenye kiti cha pili, hapo hapo saluni. Nikipiga chafya tu, dunia nzima imenisikia.

Juzi mtu asiye na picha akamwandikia: "Aliyekwenda anaweza kurudi?"

"Mfungie huyo," nikasema. "Ni hao hao wa bunduki, wanakupima."

"Na kama ni mtoto wa watu amekwama?" akauliza mteja wake, kichwa nusu kimesukwa, nusu timutimu. "Mwambie arudi, shoga."

"Nikisema hivyo, si wengine wataona ni matembezi, unakwenda unarudi?" msusi akajibu.

Tukavutana mpaka kichwa kikaniuma. Kila mmoja alikuwa na hoja, na hilo ndilo lililoniudhi. Mwishowe akawasha simu, akasema kwa sauti kavu: "Anayekwenda harudi. Mdogo wangu alikwenda, kwangu amekufa. Msiniulize tena."

Nilijua anawatisha vijana tu wasiende. Kwake hakuna anayeruhusiwa kulalia kitanda cha mdogo wake mpaka leo.

Video ikasambaa kuliko zote. Wazazi wakamshukuru. Tukiwa bado tunapongezana, yule mtu akajibu: "Sawa, Bibi Kelele. Nimeelewa." Tulipotaka kumwandikia, akaunti haipo tena.

Msusi akakaa chini, kitana mkononi. Bibi Kelele ni jina alilopachikwa na mdogo wake wangali wadogo, na hakuna mwingine aliyemwita hivyo. Hata mimi sikulijua.

"Labda uliwahi kulitaja kwenye video," nikasema.

"Labda."

Sasa anazisikiliza video zake moja moja, simu kaibana sikioni, anatafuta alipolitaja. Mteja nimemmalizia mimi. Akilipata, huenda tapeli alilisikia humo. Akilikosa, mdogo wake yu hai, na dada yake amemwambia asirudi. Sijui nimwombee lipi.