Mizani na Karatasi ya Hesabu

Mama Mizani, binti wa fundi saa aliyeifufua saa ya sokoni ikaenda miaka thelathini bila kusimama, mjukuu wa mkunga aliyezalisha mtaa mzima asipoteze mzazi hata mmoja, naye mwenyewe alikuwa mhudumu wa wodi ya watoto kwa miaka ishirini na miwili. Jina la Mizani alipewa na madaktari. Alikuwa akimpokea mtoto mgonjwa mlangoni, anampakata hatua mbili tatu, anasema, "Huyu kilo kumi na nne." Ukimweka mtoto kwenye mizani ya kweli, mshale unatua pale pale. Alisoma shule ya msingi tu, na hakuwahi kuona haya kulisema.

Basi ukaja waraka. Kila mhudumu anayegusa dawa sharti awe na cheti, na cheti hakipatikani ila kwa mtihani wa taifa wenye karatasi mbili, ya tiba na ya hesabu. Kila karatasi sharti upate alama sitini kwa mia. Unajaribu mara tatu. Ukianguka ya tatu, unatolewa wodini, unapelekwa kufulia mashuka.

Karatasi ya tiba aliimaliza mwaka wa kwanza, bila jasho. Ya hesabu ikamwangusha. Mwaka wa pili ikamwangusha tena.

"Shangazi," mfamasia alimwambia kupitia kidirisha chake, "nasikia mashuka yanakuulizia."

"Yaambie yasubiri yakauke kwanza," Mizani akajibu, akabeba dawa zake, shingo juu. Lakini alipofika chumba cha kuoshea vyombo alifunga mlango, akafungulia maji, akalia mpaka beseni likafurika. Nje ya ile wodi hakujua angekuwa nani.

Binti yake alikuwa naye anajiandaa kwa mtihani wa kumaliza sekondari, na kwa jinsi alivyozimudu hesabu, nyumbani walimwita Profesa. Miezi mitatu ilipobaki kabla ya jaribio la tatu la mama, alasiri moja mama ametoka kazini na miguu imevimba, Profesa alivuta makaratasi ya mazoezi ya mama yake, akayapekua.

"Mama, hapa umeandika nusu kidonge. Jibu ni sifuri nukta nne mbili."

"Hebu nionyeshe hicho kidonge cha nukta nne mbili."

"Mtoto anatakiwa miligramu mia mbili na kumi. Kidonge kina mia tano. Unagawanya."

"Kugawanya najua, usinifundishe. Hiyo nne mbili niliipata. Lakini kidonge kina mstari mmoja katikati, mwanangu. Unapitisha wembe, unapata nusu. Ukikikatakata zaidi kinakuwa unga."

Profesa aliweka kalamu chini. Akafunua ukurasa wa pili, wa tatu, wa nne. Kote mama yake alikuwa amekokotoa sawasawa, halafu mwishoni akalipunguza au kuliongeza jibu lifanane na kile ambacho mkono wa wodini ungeweza kukata.

"Mama, mtihani hauna wembe. Usikadirie kitu. Ukipata namba, iandike na nukta zake zote."

Mizani akashika tama. Miaka miwili ya kuaibika, kumbe wembe tu.

Kuanzia siku hiyo nyumba ilikuwa na sheria: atakayekadiria anaosha vyombo. Wiki ya kwanza Mizani aliosha vyombo vyote. Ya tatu hakuosha hata kijiko. Usingizi ukampaa, chakula kikawa hakipandi, na wodini akawa anatembea akinong'ona desimali kama mtu anayeongea na marehemu. Asubuhi moja alimpokea mtoto, akampakata, akasema, "Kilo kumi na moja." Mizani ya kweli ikasema tisa.

Muuguzi mkuu alimshika bega. "Umechoka, dada. Kapumzike."

"Sijachoka," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamtisha. Akili yake ilikuwa imejaa nukta, na mikono yake imesahau.

Siku ya mtihani alikaa karibu na mlango. Maswali ya vidonge aliyapitia kama anakunywa maji. Yakaja ya dripu, manne: mtoto apewe mililita mia tano kwa saa nane, kila mililita ni matone ishirini, matone mangapi kwa dakika? Akakokotoa, akaandika ishirini nukta nane tatu. Hakukadiria. Yote manne aliyaandika hivyo, na kwa mara ya kwanza akakabidhi karatasi akiwa anapumua.

Jioni aliingia zamu. Alisimama kando ya kitanda, akainua mkono wenye saa ya marehemu baba yake, akaanza kuhesabu matone ya dripu kama alivyozoea. Kumi na tisa. Ishirini. Ishirini na moja. Mkono ukamgandia hewani. Tone ama limedondoka ama halijadondoka. Hakuna aliyewahi kuona nukta nane tatu ya tone.

Alijua hapo hapo kwamba ameyakosa yote manne. Wiki sita zilizofuata alizibeba peke yake kama maiti mgongoni. Matokeo yalipobandikwa alikuwa na hamsini na saba. Yale manne ya matone yangetosha kumvusha.

Alirudi nyumbani na barua ya kufulia ndani ya mkoba. Profesa aliisoma, mama akamweleza yale matone, machozi yakamwagika.

"Ni mimi, mama. Ni mimi niliyekwambia usikadirie."

"Nyamaza. Ulinifundisha unachokijua, na mimi nikasahau ninachokijua." Alivua saa ya fundi saa, akaiweka mezani mbele ya binti yake. "Jumamosi wanakuja wahudumu wawili wa wodi yangu. Wamebakiza mara moja tu ya kujaribu mtihani. Utawafundisha wewe. Kidonge wakiandike na nukta zake. Matone wayaandike namba nzima, na wasikubali kwa mdomo tu. Fungulia bomba lidondoke, wahesabu kwa saa hii mpaka waone wenyewe."

"Na wewe je, mama?"

"Mimi kesho nina mashuka. Chukua kalamu, uandike swali la kwanza nilione."