Karipio Nililotafsiriwa na Mwanafunzi Wangu

Iko siku moja ambayo haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, na nimeona nikuandikie habari zake kabla hujasaini huo mkataba wako. Jumapili ulinisimamisha nje ya kanisa hapa Grand Prairie, ukaniambia umepata kazi ya kufundisha Kiingereza majumbani mwa watu huko China. "Anko, ni kazi rahisi, unapiga tu stori na watoto wao," ulisema. Nilikuwa nimetoka Houston usiku kucha na mzigo, miguu inawaka moto, nikakujibu kwamba tutaongea. Sasa nimekaa. Tuongee.

Mimi unanijua. Shule niliiachia kidato cha pili, na leo nina malori matatu yanayokimbia barabara hii ya Dallas na Houston, moja nikiliendesha mwenyewe, na madereva wangu wengine wana digrii. Sisemi hivyo kujisifu. Basi, najisifu kidogo, maana nimechoka kungoja mtu mwingine anisifu.

Lakini kabla ya malori nilikuwa mwalimu. Usicheke. Nilikwenda Guangzhou nikiwa kijana, kununua nguo za kuuza Nairobi. Biashara ikanifia mikononi. Nauli ya kurudi sikuwa nayo, na nyumbani nilikuwa nimeaga kwa mbwembwe, kwa hiyo hata ningeipata nisingerudi. Mkenya mwenzangu mmoja akaniuliza, "Wewe si unaongea Kiingereza? Mbona unalala njaa?" Akanipeleka kwa dalali wa kazi. Yule dalali aliutazama uso wangu, akashusha pumzi. Wazazi wanataka mwalimu anayefanana na wale Wazungu wa kwenye matangazo, alisema, lakini kwa kuwa unachekesha, nitakutafutia wasiochagua sana.

Viza yangu ilikuwa ya biashara, si ya kazi. Kengele ya mlango ikilia katikati ya somo, roho inaruka, unadhani ni polisi. Hilo peke yake linamzeesha mtu.

Kufundisha kwenyewe kulikuwa hivi. Mzazi aliyemwita mwalimu mgeni alitaka kusikia mtoto anacheka nyuma ya mlango. Kwa hiyo unaimba, unaruka, unapiga makofi, unasema "Very good!" Mtoto akipatia, very good. Akikosea, very good. Akinyamaza kabisa, very good vilevile. Wageni wote tuliokuwa kwenye kazi ile tulifanya hivyo. Kwangu mimi ilikuwa na faida ya ziada, maana mara nyingi nisingejua kama mtoto amekosea.

Ndipo nikapewa Lin. Alikuwa na miaka kumi na minne, akiishi na bibi yake ghorofa ya juu kabisa katika jengo lisilo na lifti. Wazazi wake walikuwa wapishi Houston, walimwacha angali mdogo. Sasa karatasi zake za kuwafuata zilikuwa zimetoka. Angepanda ndege peke yake, afike, aingie shule moja kwa moja. Bibi hakuwa kwenye safari hiyo. Bibi angebaki.

Kila nikifundisha, huyo bibi alikaa pembeni akibangua mbegu za alizeti kwa meno. Ka, ka, ka, saa nzima. Kiingereza hakujua hata neno. Mimi nilimhesabu kama kabati.

Siku hiyo ninayokwambia, nilikuwa nimekunja karatasi ikawa mpira. Namrushia Lin, akiudaka anataja mnyama. Mpira ukanipiga puani, tukacheka mpaka tukashika mbavu. Mara zile mbegu zikanyamaza. Bibi akaanza kusema. Alisema kwa kirefu, sauti ya chini, macho yake kwangu.

Uso wa Lin ukaiva. "Bibi anasema asante, mwalimu."

Nikainamisha kichwa, nikatabasamu. Bibi hakutabasamu. Akamgeukia mjukuu wake, akamtupia maneno machache.

"Anasema yeye amesema mengi na mimi nimesema kidogo," Lin akanong'ona. "Anataka nianze upya."

"Basi anza."

"Ni mabaya, mwalimu."

"Sema tu. Mimi si yai."

Akasimama, mikono nyuma, kama mtu aliye mbele ya hakimu. "Bibi anasema wewe ni mtu mwema. Hilo amelisema kweli, sijaongeza. Anasema nyumba hii ilikaa muda mrefu bila kicheko, nawe umekileta. Lakini anasema hata paka angenichekesha, na paka hatumlipi."

Bibi akamwashiria aendelee.

"Anasema kule ninakokwenda wataniuliza maswali, na yeye hatakuwepo. Na wewe hutakuwepo. Hapa nikikosea, hata nikinyamaza, unasema vizuri sana. Kule nani ataniambia vizuri sana? Anasema..." Akamtazama bibi. "Anasema kama hujui kufundisha, umwambie leo. Hatakasirika. Atatafuta mwingine, kwa sababu muda unaisha."

Mwanangu, tangu nianze kumfundisha, sikuwahi kumsikia mtoto yule akisema hata sentensi mbili zinazofuatana. Siku hiyo alikuwa ameeleza jambo zito, lote, kwa Kiingereza. Na aliyemtoa maneno hayo kinywani si mimi. Nilikuwa karibu kusema very good. Nikajiuma ulimi.

Nilishuka zile ngazi nimefura. Mwanamume mzima, nasemwa na kikongwe mbele ya mtoto! Nikaapa sirudi. Lakini barabarani nikajiuliza, hivi mimi nina nini cha kumpa? Sarufi sina. Shule sina. Ila ugeni ninao. Najua unavyosimama mbele ya dirisha la ofisi, mtu anakuharakishia maneno, nawe unatikisa kichwa kukubali kitu usichokielewa, kisha unalia ukifika nyumbani. Hayo niliyajua kuliko mwalimu yeyote mwenye cheti.

Nikarudi. Meza ikawa dirisha la uwanja wa ndege, mimi nikawa ofisa. Nikasema haraka, nusu ya maneno nikiyameza, kama wasemavyo hawa tunaoishi nao huku. Lin akatikisa kichwa. "Yes."

"Yes nini? Nimekuuliza nini?"

"Sijui."

"Basi usiseme yes! Sema hujaelewa. Sema arudie polepole. Akichukia, achukie."

Alilia siku hiyo, na siku nyingine pia. Nikawa ofisa, nikawa karani wa shule, nikawa dereva wa basi mwenye hasira. Neno nisilolijua nilimwambia silijui, nikaenda kuuliza. Dalali akalalamika kwamba nimekuwa mkali, kwamba somo halina raha. Bibi alibangua mbegu zake tu.

Lin akaondoka. Baada ya muda bibi akamtuma jirani aniite. Nilikuta simu imesimamishwa mezani, Lin yumo ndani yake, Houston. Akatusimulia, mimi kwa Kiingereza, bibi kwa lugha yao. Kule uwanjani mfanyakazi mmoja alimwambia kitu kwa haraka huku akionyesha upande. Alitamani atikise kichwa afuate watu waliokuwa kwenye foleni. Akasema hajaelewa. Yule mtu akarudia, bado hajaelewa, akamwomba tena. Ndipo akajua kwamba foleni ile ilikuwa ya wanaoendelea na ndege nyingine. Wazazi wake walikuwa mlango wa pili, mama yake ameshaanza kulia.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akasema neno moja. Lin akatafsiri bila kupunguza: "Anasema ukae ule."

Simu ikakatika. Tukala sisi wawili, bila mtu wa kutupatia lugha. Yeye ananiongezea chakula, mimi natikisa kichwa. Mara kwa mara aliangalia kile kiti cha mjukuu wake. Sijawahi kula chakula kizito namna ile.

Sasa nisikilize, maana nimechoka na kesho alfajiri nina mzigo. Ukitaka kwenda, nenda, lakini uende na kibali cha kazi, usiishi ukiogopa kengele ya mlango. Usikubali kuwa kichekesho cha sebuleni kwa watu. Mtoto utakayepewa ana mahali anapokwenda, na wewe hutakuwepo. Mfundishe kwa ajili ya mahali hapo. Usipojua, sema hujui. Na mtu mzima akikusema, hata kama hajui unachokijua, mwache amalize. Huku tuliko kila mtu anakwambia uko sawa, uko vizuri, endelea hivyohivyo. Mimi nimeyasikia hayo miaka yote, na hakuna hata moja lililonisaidia kama yale ya bibi yule.

Nenda ukiwa mzima, mwanangu, na urudi ukiwa mzima. Mungu akuweke mbele ya mtu atakayekukosoa kwa kuwa kuna mtoto anayempenda, na Mungu huyohuyo akupe moyo wa kurudi kesho yake.