Piri Asiye na Pembe

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla king'ora cha zamu hakijalia, mwanamke wa miaka hamsini na mbili amechuchumaa kando ya mtaro wa nyaya, katikati ya safu za paneli za sola jangwani. Anasoma mchanga.

"Kapita hapa," anasema, akionyesha mistari mifupi iliyolala mshazari. "Piri hutembea ubavuubavu. Mistari imekomea hapa, kwa hiyo bwana mkubwa bado yumo."

Kwa koleo refu anamchomoa piri, nyoka mnene wa sumu mwenye rangi ya mchanga, magamba yakikwaruzana kwa hasira, na kumtia ndooni taratibu. "Samahani baba, nimekuamsha."

Vibarua humwita Shangazi. Aliajiriwa miaka kumi na moja iliyopita kufagia paneli. Mambo ya nyoka alifundishwa na marehemu baba yake. Mwaka jana alitoa nyoka 63 mitaroni. Wenye sumu walikuwa 19 tu.

Mumewe, dereva wa lori la maji, ana vidole vinne mkono wa kulia. Miaka tisa iliyopita alimwona nyoka kando ya tairi, akamsogeza kwa mkono, akaumwa.

"Bango la tahadhari getini lina piri mwenye pembe juu ya macho," anasema. "Wangu alikuwa kipara kama mimi. Nikasema huyu si kitu. Kumbe simba kanyeshewa, mimi naona paka!"

Si piri wote huota pembe. Shangazi, ambaye wakati huo alikuwa hajuani naye, alikitazama kile kichwa kipana cha nyoka na mboni zilizosimama wima, akamkimbiza dereva zahanati na kumsisitizia daktari: ni piri huyo! Dawa ya sumu ikawahi. Kidole kilikwenda, mtu akabaki.

"Nikamwoa kwa shukrani," anasema mume.

"Shukrani gani? Nilikuonea huruma," anamkata mkewe, akimfuta vumbi begani.

Lakini bango ni lile lile, na Jumatatu wanaingia vibarua wapya 120. Shangazi amemwendea msimamizi mara nne kuomba libadilishwe. "Hilo limetoka makao makuu, mama," hujibiwa. Jambo hilo linamnyima usingizi.

Sasa ameamua. Jumatatu mumewe atasimama chini ya bango, na kumpa mkono kila anayeingia.

"Atakayeuliza kidole kiko wapi, nitamweleza," anasema Shangazi. "Asiyeuliza, nitamweleza vilevile."